Wakili katika usikilizaji wa awali Marekani
Je, nchini Marekani mshtakiwa hulazimika kungoja kesi yenyewe ndipo apate wakili? Hapana, halazimiki. Katika shauri la Coleman dhidi ya Alabama la mwaka 1970, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba usikilizaji wa awali, ambamo hakimu hupima kama kuna sababu za kutosha za kuamini kuwa kosa limetendeka na kwamba mshtakiwa ndiye aliyelitenda, ni hatua nyeti inayompa haki ya wakili. Katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya nchi hiyo, Kanuni ya 5.1 ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu pia kuwahoji mashahidi wa upande wa mashtaka na kuleta ushahidi wake, ingawa hawezi kupinga ushahidi kwa hoja kwamba ulipatikana kinyume cha sheria. Tahadhari moja isipuuzwe: katika mahakama hizo, jopo kuu la raia (grand jury) likishaidhinisha mashtaka, usikilizaji huo haufanyiki.