Shelisheli wametenga bahari, wavuvi je?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi mvuvi wa Msimbati, Mtwara, huku tuko ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi toka 2000, kokoro tu ukiingia nalo majini ni kesi, sasa nimesikia redioni Shelisheli wametenga asilimia 30 ya bahari yao, visiwa vidogo vile si watalala njaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajafunga yote bwana. Mpango walianza kuuandaa 2014, wavuvi, wa utalii, wa meli wote wakaitwa mezani (na walibishana kwelikweli), wakamaliza kutenga 2020, kama kilomita za mraba 410,000 hivi. Nusu yake ndo karibu kila kitu marufuku, mfano visiwa vyao vya Aldabra, kule kobe wakubwa wamepita laki moja, nusu nyingine shughuli zinaruhusiwa kwa masharti. Ujanja wao ulikuwa kwenye deni, la kama dola milioni 21 likapangwa upya, sehemu ya malipo ikaenda kulinda bahari. Hapo ndo nawapa tano. Sisi madeni tunayo, ila mezani mvuvi anaitwa siku ya kusaini posho.