Kuhamia Dar ukitokea mkoani: chagua barabara kwanza, mtaa utafuata

Mkuu, nianze kwa kurudia ulichoeleza ili wadau wengine waelewe. Unatoka Mwanza mwezi wa saba, ofisi yako ipo Posta, katikati ya jiji, mkeo ni muuguzi anaanza kazi hospitali ya Mloganzila kwa zamu, watoto wawili wapo shule ya msingi, gari bado, na kodi isizidi laki tatu na nusu kwa mwezi. Umeshatajiwa Kigamboni, Tegeta, Goba na Chanika, kila mtu akivutia kwake. Kwa Dar, jina la mtaa ni swali la pili. La kwanza ni barabara.

Jiji limetanuka kwa kufuata barabara nne zinazotoka katikati: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere (wengi bado wanaiita Pugu Road) na Kilwa. Ukiishi na kufanya kazi kwenye barabara moja, foleni utaikuta lakini utafika kwa gari moja au mawili. Shida inaanza pale unapolazimika kuruka kutoka barabara moja kwenda nyingine kila siku. Njia za kuunganisha zipo: Mandela na Sam Nujoma, Mbezi hadi Tangi Bovu kupitia Goba, Kinyerezi hadi Mbezi kupitia Malamba Mawili. Mwenye gari zinamsaidia sana. Wa daladala anaunga magari mawili matatu, na kila anaposhuka anaanza upya kugombea.

Sasa tazama kwako. Posta ni mwanzo wa safari ya Barabara ya Morogoro, na Mloganzila ipo Kwembe, ndani kidogo kutoka barabara hiyohiyo. Kwa hiyo Tegeta, Chanika na Kigamboni zifute, hata kama nyumba ni nzuri. Kigamboni ingekufaa wewe peke yako, maana pantoni inakushusha karibu kabisa na Posta, lakini mkeo angevuka jiji zima. Mnabaki na ukanda wa Kimara, Mbezi na Kibamba.

Ndani ya ukanda huo kuna kosa ambalo wageni hulifanya mara nyingi: wanadhani kukaa karibu zaidi na mjini ni rahisi zaidi. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalumu, huanzia Kimara Mwisho. Aliyepanga kwenye vituo vinavyofuata, Korogwe, Bucha au Baruti, yupo karibu na Posta kuliko wa Kimara Mwisho, ila saa kumi na mbili asubuhi basi linamfikia limeshajaa hadi mlangoni. Ndiyo maana utaona watu wanapanda basi la kurudi nyuma hadi Kimara ili wageuze nalo. Bora ukae linapoanzia gari, au upite hapo kidogo kuelekea Mbezi. Kwa mkeo pia ni nafuu, kwa sababu zamu ya asubuhi atakuwa anakwenda kinyume na umati, magari ya kuelekea Kibamba yana nafasi.

Ningekuwa natafuta kwa vigezo vyenu, ningezunguka kuanzia Kimara Stop Over, Suka, Temboni, Kwa Msuguri hadi Mbezi Luis. Mbezi ina faida ya Stendi ya Magufuli, iliyofunguliwa 2021: daladala za pande nyingi, soko, na basi la Mwanza unapandia hapohapo. Kibamba ingempendeza mkeo, ila wewe utakuwa unaamka saa kumi usiku. Goba wanaisifu kwa hewa na nyumba mpya, na ni kweli, lakini bila gari ni kuunga tu.

Jambo moja la kulijua mapema: mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mto Msimbazi unapopita juu ya lami. Siku hiyo mwendokasi haivuki kwenda mjini, na watu wanazungukia Kawawa au Mandela. Hili utalikuta popote utakapoishi kwenye ukanda huu, kwa hiyo mwambie bosi wako mapema.

Ukishaipata barabara, kinachoamua gharama yako halisi ni umbali kutoka lami. Dalali atakuambia "dakika tano kutoka barabarani." Hizo ni dakika tano za bodaboda, tena ya dereva asiyeogopa kufa. Piga hesabu. Tuchukue boda 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku 26 za kazi: ni 78,000 kwa mtu mmoja, 156,000 kwenu wawili, kabla mtoto hajaugua usiku na kabla mvua haijapandisha bei. Nyumba ya laki mbili kule ndani Makabe au Msakuzi inaweza kuwa ghali kuliko ya laki tatu iliyopo mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituoni. Kwa zamu za usiku za mkeo, kutembea njia yenye taa na maduka kuna thamani ambayo haionekani kwenye tangazo. Waulize bodaboda wa kijiwe cha karibu maswali mawili: mvua ikinyesha pikipiki inapita? Na saa sita usiku unanipeleka kwa shilingi ngapi? Wale hawana sababu ya kukupamba nyumba ya mtu.

Kimara na Mbezi ni vilima na makorongo. Utahamia Julai, wakati kila kitu ni kikavu na kinapendeza, kwa hiyo lazima usome alama za masika. Tazama kuta za nje chini, kimo cha goti: kuna mstari wa tope, au rangi mpya imepakwa sehemu ya chini tu? Mlangoni pamejengwa tuta la zege? Jirani ameweka viroba vya mchanga kwenye uzio? Kila tuta lina sababu yake. Nyumba iliyo juu kabisa ya korongo nayo itazame, maana ukingo unamegeka kila msimu, na mwenye nyumba anaweza kuwa amepoteza mita kadhaa tayari. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; aliyejenga humo ana hatari mbili, maji na bomoabomoa.

Bomoabomoa ya barabara nayo usiichukulie kama hadithi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro. Mpangaji aliyelipa mwaka mzima naye alihama. Ukiona X nyekundu ukutani, hata iliyofifia au kupakwa rangi juu, uliza serikali ya mtaa kabla ya kutoa hata shilingi.

Maji. Ukanda huu unalishwa na mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na kwa sababu ya milima, nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa: ya bondeni inapata kila siku, ya kilimani inangoja presha ya usiku wa manane. Usimuulize mwenye nyumba kama "maji yapo." Muulize jirani yanatoka siku zipi na saa ngapi, kisha utazame simtank. Familia ya watu wanne wanaojibana hutumia kama lita 60 kila mmoja kwa siku, yaani 240. Tangi la lita 1,000 linawatosha siku nne, la 2,000 siku nane. Kama mgao ni mara moja kwa wiki, chini ya 2,000 mtaishia kununua maji ya boza (lori la maji), na boza halifiki mahali ambapo Fuso haligeuki. Pakiwa na kisima, nawa mikono kwa sabuni: povu likigoma, maji yana chumvi. Yatafaa kudekia, chai hapana.

Umeme ni suala la mita. Ulizia kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Kwenye mita ya matumizi madogo (uniti zisizozidi 75 kwa mwezi), shilingi 1,000 inaleta uniti 8.2, kwenye tarifa ya kawaida inaleta 2.8. Wapangaji watatu wakichangia mita moja, 75 zinaisha mapema na wote mnalipia bei ya juu, ukiongeza na ugomvi wa nani ana friji. Kabla ya kusaini, nunua umeme wa 2,000 kwa namba ya mita hiyo usome risiti: deni lolote litajitokeza pale. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane kwenye mkataba kwamba utaitoa kwenye kodi ya pango.

Kitu ambacho hakuna anayekiuliza ni shimo la choo. Hakuna mfumo wa majitaka huko, kila nyumba ina shimo lake. Udongo wa mfinyanzi haunyonyi maji, shimo linajaa haraka, na masika linafurika uani. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, gari la kunyonya linasimama wapi, na nani analipa. Jibu liandikwe.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio moja. Njoo wewe peke yako Jumamosi, lala lodge ya eneo hilohilo. Usiku wa saa nne pita mtaani usikilize baa na spika za ibada zilivyokaa. Dalali hukuleta saa nne asubuhi kwa makusudi. Jumatatu toka saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi Posta, saa mkononi. Jioni rudi saa kumi na moja, wakati ule ule wa kutoka kazini. Safari ya Jumapili mchana haipimi chochote.

Wenye nyumba wengi watataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Usikubali mwaka kwa nyumba ya kwanza. Mkataba wa miezi sita, au hata chumba na sebule cha miezi mitatu, unakupa muda wa kulijua eneo kwa miguu yako. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai ada ya kuonyeshwa nyumba kwanza. Hiyo mpatane kabla hamjaanza kuzunguka. Hela yake kubwa itoke ukiwa umeshasaini mbele ya mwenye nyumba mwenyewe, na ufunguo umeingia kwenye kitasa ukageuka. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawajua wenye nyumba halisi, kwa hiyo mpitie ukamuulize jina. Utamhitaji tena kwa barua ya utambulisho.

Watoto: basi la shule binafsi huanza kuokota saa kumi na moja na nusu, na wa kwanza kuchukuliwa ndiye hukaa ndani muda mrefu zaidi, hivyo uliza mko wa ngapi kwenye njia. Kama ni shule ya serikali, anza uhamisho Juni kabla shule hazijafungwa, wakati mwalimu mkuu wa Mwanza bado yupo ofisini. Beba namba ya PReM (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa usajili) ya kila mtoto, kwa sababu bila kuhamishwa kwenye mfumo, jina litabaki Mwanza hata kama mtoto anakaa darasani Mbezi.