Udongo Uwahi Ungali Maji, Moto Usubiri

Juzi nimemkuta tena kijana wa karakana kaanika bakuli lake juani. Upande mmoja umepauka, wa pili bado mweusi kwa maji, naye anashangaa mdomo umepasuka. Nikamuuliza haraka ya nini, akanijibu kwa methali: udongo uwahi ungali maji. Sawa, lakini hayo ni mambo ya kufinyanga. Kukausha hakukutajwa. Basi wanangu, naandika ili msije mkasema hamkusikia.

1. Kandeni mpaka udongo ukikatwa kwa waya usionyeshe tundu hata moja. Mnajua, hamfanyi.

2. Kabla ya kupandisha kamba ya udongo juu ya nyingine, chanjeni zote mbili, pakeni uji wa udongo, kisha buruzeni kidole ndani na nje. Nyie mnaunganisha nje tu, maana ndiko picha inakopigwa.

3. Kitako. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipoaibika.

Nilitoka chuoni nikijua gurudumu la kufinyangia na tanuri la umeme, nikaenda Ziwa Nyasa kwa akina mama wa Kikisi, wanaofinyanga kwa mikono mitupu. Vyungu vyangu vilipata kuta nzuri, ila kitako kilikuwa kinene kama tofali. Nikavisugua kwa kokoto vikang'aa, nikajiona fundi. Bibi aliyekuwa akinifundisha akakiweka kimoja shavuni. "Bado kina baridi, mwanangu. Kiache."

Nilikuwa na safari ya kurudi mjini, sikukiacha. Asubuhi ya kuchoma, akina mama walipokuwa wakipanga mitungi ya kupeleka sokoni, nikachomeka vyangu katikati. Nadhani waliniona, wakaona haya kumkatalia mgeni.

Kilipasuka mapema, kuni hata hazijashika vizuri. Maji yaliyojificha kitakoni yakipita nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke usipopata pa kutokea huvunja ukuta. Cha pili kikafuata. Ningepasua vyangu peke yangu ningecheka, lakini vipande vilirukia mitungi ya watu, iliyokauka ikakaukika. Moto ulipopoa mama mmoja akaokota wake mmoja mmoja, midomo imemeguka. Hakunifokea. Nililipa bei ya mitungi, akapokea bila kunitazama. Bibi naye akanikabidhi kigae cha kitako changu, nipime unene kwa kidole. Aibu ile sijaimaliza.

Kwa hiyo: kitako kiwe na unene wa ukuta, chungu kikae kivulini, mdomo ufunikwe kitambaa maana ndio unaotangulia kukauka, na kabla ya moto kiwekeni shavuni. Kikiwa na baridi, kirudi rafuni. Hata kama mteja kapiga simu.

4. Sugueni udongo ukishakaza lakini kucha ikiwa bado inaacha alama. Na acheni kuniuliza glezi ya kununua, ile rangi inayogeuka kioo motoni. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, miaka ya 1970, akafanya kazi pamoja na mfinyanzi wa huko, Ladi Kwali, na vyungu vya Odundo vilivyompa jina duniani hufinyangwa kwa mkono, havina glezi. Udongo mwekundu ukichomwa penye hewa hubaki na rangi ya chungwa, ukinyimwa hewa hugeuka mweusi. Malizeni kwanza rangi hizo mbili.

5. Msinawe mikono yenye udongo kwenye sinki. Bomba limeziba tena. Ndoo iko mlangoni, nimeiandika NDOO.