Kabla Hujanunua Mzinga Mwingine, Hesabu Maua

Kila mwaka napokea ujumbe uleule kutoka kwa watu tofauti: "Nyuki wangu wamehama, nifanyeje nipate wengine?" Mara nyingi anayeuliza ameshaagiza mizinga mitano kwa fundi, anachotaka ni kuambiwa aitundike wapi. Nami humuuliza kwanza: wamehamia wapi?

Nyuki wa kwetu wanahama kweli. Ukame ukizidi, siafu wakiingia, au mwenye mzinga akiwasumbua mno, wanaondoka na malkia wao na kuacha masega matupu. Ndiyo maana tukikuta mzinga hauna kitu tunasema wamehama, tunaupaka nta, tunasubiri kundi lingine. Neno hilo limetuzoesha kutokuuliza zaidi. Mimi nililitumia miaka mingi, hadi Machi moja hapa Manyoni, Tanzania, nilipotambua kwamba baadhi ya hao niliosema wamehama walikuwa wamekufa, na niliyewaua ni mimi.

Nilikuwa na ekari mbili za mahindi, na mizinga tisa ya viunzi chini ya migunga mpakani mwa shamba. Viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017, walikuwa wamenisumbua tangu mahindi yakiwa magotini. Mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi, zilipotoka nikaona majani yametobolewa kama chujio, nikapata hasira. Nikaenda duka la pembejeo, nikanunua dawa niliyopewa bila kusoma lebo, nikabeba bomba mgongoni na kuanza kupiga saa nne asubuhi. Jua zuri, hakuna upepo. Niliona nyuki wengi kwenye mbelewele na sikushtuka, kwa sababu nilijua mahindi huchavushwa na upepo. Sikuwa nimefikiria kwamba nyuki hana habari na mahindi yetu. Yeye anafuata chavua, na chavua ya mahindi huichukua asubuhi, saa zilezile nilizokuwa napiga.

Kesho yake nilikwenda kwenye mizinga. Chini ya mlango wa kila mmoja kulikuwa na tabaka la nyuki, wengine wamekufa, wengine wanazunguka palepale kwa ubavu kama wanaotafuta kusimama. Nilimweka mmoja kiganjani. Ulimi wake ulikuwa umetoka nje wote, mwembamba, wa rangi ya chai, haurudi. Miguuni bado alikuwa na vitonge viwili vya chavua ya njano, mzigo aliokuwa anawapelekea majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye masega. Miguu yake ilitetemeka kidogo, halafu ikatulia.

Mizinga haikuisha siku hiyo, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Wanaokufa kwanza ni wale wa kwenda porini. Waliobaki ndani ni wachanga, hawatoshi kulisha majana wala kuyapa joto usiku. Baada ya wiki mbili siafu waliingia mizinga miwili, nondo wa nta wakaingia mitatu, na kundi moja nililiona kwa macho yangu likiondoka. Mtu ambaye angepita hapo Aprili angekuta mizinga sita mitupu na kusema wamehama.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba dawa ile haikunisaidia hata kwa mahindi. Kiwavi akishafika hatua ile yuko ndani ya gunzi, amejifunika, dawa haimfikii. Wakati wa kupambana naye ni mapema, mmea ukiwa mdogo, na dawa inaelekezwa kwenye moyo wa mmea, pale katikati ya majani anakojificha. Siku hizi nazunguka shamba mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapoota. Nikiona mayai au majani yaliyokwaruzwa naminya kwa vidole, natia mchanga uliochanganywa na majivu kwenye moyo wa mmea, au maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa. Ikinilazimu kutumia dawa ya dukani, napiga jua likiwa limezama. Jioni kiwavi hutoka kula, kwa hiyo dawa inampata vizuri kuliko mchana, na nyuki wote wako nyumbani. Hata huo mwarobaini, mpole ulivyo, simwagii ua lililofunguka.

Soma lebo. Najua maandishi ni madogo na mwenye duka ana haraka, lakini simama uisome. Ukikuta neno imidacloprid, au clothianidin, au thiamethoxam, ujue hizo ni dawa zinazoingia ndani ya mmea na kupanda hadi kwenye mbochi, ule utamu wa ua, na kwenye chavua. Kupiga jioni hakukuokoi, maana sumu itakuwa imo ndani ya ua asubuhi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku zote tatu kwa matumizi ya nje mashambani, kwa sababu ya nyuki. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi nazo uliza zimepakwa nini.

Baada ya msiba ule nilifanya kosa la pili, na hili ndilo ninaloliona kwa wengi. Niliona njia ya kuwarudisha nyuki ni kuongeza mizinga. Nikakopa, nikachongesha mingine kumi. Miaka miwili ilipita, mizinga minne tu ikawa na nyuki, mingine ikawa nyumba ya buibui na mijusi. Tembea vijijini kwetu utaona mizinga mingi ya mbao iliyotundikwa kwa nia njema kabisa, iliyopauka kwa jua bila nyuki hata mmoja. Nyuki hawana shida ya nyumba. Wanaishi kwenye pango la mbuyu, kwenye kichuguu, hata kwenye dari ya darasa. Wamekosa chakula, maji, na mahali ambapo hawapigwi dawa.

Afisa nyuki mmoja ndiye aliyenifanyia hesabu ambayo nasikitika sikuifanya siku ya kwanza. Nyuki kibarua huenda kilomita 3 kutoka mzingani, na njaa ikimbana huenda mbali zaidi. Chora duara la kilomita 3 kila upande kuzunguka manzuki yako, pale ulipoweka mizinga. Utapata kilomita za mraba 28, yaani karibu ekari 7,000. Mimi nina mbili. Hata nikizitunza vipi, maisha ya nyuki wangu yako kwenye zile nyingine.

Basi nikaanza kulitembea duara langu kwa miguu, na daftari. Kila wiki niliandika mti au zao gani limetoa maua na liko upande gani. Fanya hivyo mwaka mzima kabla ya kutumia shilingi yoyote kwenye mbao. Daftari langu lilinionyesha kwamba kuanzia Februari hadi Mei chakula kipo tele: alizeti, magugu ya shambani, maua ya vichakani. Halafu yanakuja majani makavu na daftari linabaki jeupe kwa wiki nyingi. Humo ndimo nyuki wangu walikuwa wanapotelea. Mikwaju na mitundu iliyokuwa ikiziba pengo hilo zamani imekwenda kwenye mkaa na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mingine, na hili linaniuma kulisema kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wake, imekufa kwa mizinga ya magome. Ukiubandua mti gome lake kuzunguka shina lote, umeuua. Tulikuwa tunaua mti uliowalisha nyuki ili tupate nyumba ya kuwaweka.

Kwa hiyo nilipanda. Mbaazi kwenye mipaka yote, kwa sababu zinachanua mvua ikishakatika. Milonge karibu na kisima. Kichaka cha ekari nusu nimekiacha hakilimwi wala hakichomwi moto, ingawa majirani mwanzoni waliniona mvivu. Karai la maji lenye mawe ndani, ili nyuki watue bila kuzama, nalijaza kila asubuhi wakati wa kiangazi.

Katika kurina nimerudi kwa baba. Kwenye mzinga wa gogo yeye alirina upande mmoja tu, upande wa pili hakuugusa hata asali iwe imejaa kiasi gani. Tulipokuwa watoto tulimwomba aongeze, akakataa. Mimi nilipoanza biashara nilisahau, nikawa nakamua mpaka sega la mwisho kwa sababu mnunuzi alikuwa anasubiri barabarani na ndoo. Sasa naacha masega matatu ya asali kwa uchache, sigusi yenye majana, na sifungui mzinga kwa sababu tu ninataka kuona wanaendeleaje. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua kila wiki. Ungekuwa wewe, kila Jumamosi mtu anafunua paa la nyumba yako kukuchungulia, ungekaa?

Lakini sehemu ngumu ilikuwa majirani. Kuna mzee anayelima matikiti karibu na bwawa, kama kilomita moja na nusu kutoka kwangu, na anapiga dawa sana. Nilikwenda kwake na malalamiko kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, na kabla sijafungua mdomo akasema: "Mwanangu, hao nyuki wako wanakula kwangu na kulala kwako. Asali yao mimi sijawahi hata kuilamba."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikarudi kesho yake na chupa ya lita moja. Siku hiyo tukatembea shambani kwake asubuhi. Alinionyesha matikiti yaliyopinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa, akalaumu mbegu. Nikamwonyesha ua jike, lile lenye kitikiti kidogo nyuma yake, ukubwa wa punje ya karanga. Linafunguka asubuhi moja tu, mchana linafunga. Nyuki wasipolitembelea mara za kutosha saa hizo chache, tunda linadondoka au linakua limepinda. Tulichuchumaa pale pengine nusu saa, tukamwona nyuki mmoja tu. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza nyuki huamka saa ngapi.

Katika wilaya ya Hanyuan, jimbo la Sichuan huko China, wakulima wa peasi wamekuwa wakipanda mitini na vijiti vyenye manyoya kupaka chavua ua kwa ua. Wafuga nyuki walikataa kupeleka mizinga kwenye mashamba hayo kwa kuogopa dawa. Nilimsimulia mzee, akaangalia shamba lake na kuanza kuhesabu vibarua ambao angewahitaji, akaacha.

Leo nina mizinga kumi na mmoja, minane ina nyuki, na sijaongeza hata mmoja kwa miaka mitatu. Mingine iliyokuwa mitupu niliigawa kwa majirani walio ndani ya duara, mzee akiwemo, kwa sharti la kuambiana kabla ya kupiga dawa. Si wote wanaolitimiza. Mwaka jana nilipoteza kundi moja kwa shamba ambalo mwenyewe anaishi mjini na sijafanikiwa kumpata.

Mzee hupiga simu siku moja kabla. Wiki iliyopita alipiga nikiwa sokoni: "Mwanangu, kesho jioni nawapiga wadudu wa matikiti, jua likishazama. Asubuhi yake uwawekee watu wetu maji ya kutosha huko kwako, wasije kunywa kwenye mifereji yangu." Nikaacha nilichokuwa nanunua, nikaenda kutafuta karai la pili.