Herufi U kwenye jina la nyota

Wanafunzi wa falaki wanaonipigia simu huniuliza karibu swali lilelile: nitoe makala ngapi ndipo nitambulike? Nalielewa swali hilo, maana niliishi nalo miaka miwili. Nikiwa kwenye shahada ya uzamili, kila asubuhi kabla ya chai nilifungua kompyuta kuangalia kama kuna mtafiti aliyenitaja. Makala yangu ya kwanza ilimaliza mwaka bila kutajwa na mtu. Nikaona dawa ni kuzikata data zangu vipande vitatu ili nipate makala tatu. Zikatoka mbili, nazo zikalala vilevile. Aliyetaka vipimo vyangu ilimbidi avisake huku na kule, na nani ana muda huo?

Kilichonitoa huko ni herufi moja. Nilikuwa nasoma habari za nyota mbili zinazozungukana, jina lake 4U 1700-37. Tarakimu za nyuma nilizijua, ni anwani yake angani. Nikamuuliza msimamizi wangu, hiyo U ni ya nini? Akanitazama kwa mshangao. "Si neno la kwenu? Ni Uhuru."

Mimi nimekulia Malindi. Tangu utotoni nikisikia wavuvi wakitaja majukwaa ya Waitaliano baharini kule Ngomeni, na sikuwa najua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 tangu ipate uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu. Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati: karibu na ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada, na njia ya satelaiti ikibaki juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo.

Aliyeongoza utafiti huo ni Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, Italia, mwaka 1931. Ningependa kila anayeanza kazi hii aujue mwendo wake. Eksirei hazipenyi hewa yetu, kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Majaribio ya mwanzo ya kikundi chake yalishindikana. Juni 1962 roketi yao ikakaa juu dakika 6 hivi, ikitafuta eksirei kutoka mwezini. Ikakuta nyingine kabisa, kali ajabu, upande wa kundinyota la Nge. Mwaka uliofuata, 1963, akiwa na mwenzake Herbert Gursky, aliandika mpango wa miaka mingi ulioishia kwenye darubini ya eksirei yenye upana wa mita 1.2. Darubini ya ukubwa huo, Chandra, ilirushwa mwaka 1999. Hesabu mwenyewe: miaka 36. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2002.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, chagua swali ambalo hutalichoka, kisha tengeneza kitu ambacho mwenzako atakishika mkononi na kukitumia. Uhuru ilifanya hivyo. Ilionyesha kwamba chanzo cha eksirei kiitwacho Cen X-3 kinapiga kila sekunde 4.8, kama mapigo ya moyo, na kwamba kila siku 2 na kidogo kinafichwa nyuma ya nyota mwenzake. Watu wakaelewa kuwa ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito mno kinachobaki nyota kubwa ikilipuka, inayofyonza gesi ya jirani yake. Ugunduzi mkubwa huo. Lakini mimi navutiwa zaidi na orodha. Katalogi ya nne ya Uhuru, ndiyo hiyo 4U, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339, na jina linalotangulia pale juu ni la William Forman. La Giacconi ni la mwisho kabisa. Hadi leo mtu akiandika 4U anaitumia kazi ile, hata asipotaja jina la yeyote kati yao.

Niliporudi mezani niliviunganisha vile vipande. Nikaandaa jedwali moja: muda wa kila kipimo, kifaa kilichotumika, kiasi cha shaka kwa kila namba, na safu ya maelezo kwa siku ambazo data zilikuwa mbovu. Hiyo safu ya mwisho usiifiche kamwe. Ndiyo inayomfanya mgeni akuamini. Nikaiweka kwenye hifadhi ya wazi pamoja na programu niliyoitumia, na maelezo ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyafuata. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne, na wenzangu waliniambia napoteza wakati.

Miezi kadhaa baadaye nikapata barua pepe ya dada mmoja nisiyemfahamu, mwanafunzi wa uzamivu. Hakunipongeza. Aliuliza kwa nini safu ya saba, mstari wa arobaini na mbili, haipatani na hesabu yake. Nikakaa na karatasi hadi usiku wa manane, nikaona yeye ndiye aliye sahihi. Nikarekebisha, nikaandika jina lake kwenye maelezo ya toleo la pili, kisha nikamwuliza anachunguza nyota gani.