Nimeambiwa sina TB lakini bado nakohoa: nipime tena?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mpangaji mwenzetu, ambaye mlango wake unatazamana na wetu, ameanza dawa za TB mwezi uliopita. Mimi nakohoa wiki ya tatu sasa na nimeshamaliza dozi mbili za amoksilini kutoka duka la dawa. Zahanati walinipima makohozi wakasema sina kitu. Nina mtoto wa miaka mitatu, yeye ni mzima na anacheza. Nipime tena? Na mtoto je? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Marahaba, dada. Pima tena, na uende wiki hii. Kikohozi kikifika wiki mbili tunakupima TB hata kama hukondi wala hutoki jasho usiku. Anayeishi na VVU hangoji hata hizo wiki mbili. Wewe umeshazipita, na una mgonjwa mlango wa pili.

Hilo “sina kitu” linategemea walitumia kipimo gani. Kama ni hadubini, mtu wa maabara anahitaji bakteria kama elfu 5 hadi elfu 10 katika kila mililita ya makohozi ndipo awaone. Wakiwa wachache, jibu hutoka hasi na ugonjwa upo. Pale Morogoro, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi ambayo hadubini imeshayapitisha kuwa hasi, na bado hugundua wagonjwa waliopitwa, ambao baadaye huthibitishwa maabara. Kwa hiyo uliza kwa jina: “Naomba kipimo cha GeneXpert.” Chenyewe hutafuta vinasaba vya bakteria, kinaona hata wachache, na kinasema pia kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Mashine hutoa jibu kwa takriban saa mbili. Ukisubiri siku kadhaa, ujue sampuli ilisafirishwa hospitali nyingine. Kama uliwahi kutibiwa TB zamani, sema mapema, maana mashine inaweza kuokota mabaki ya bakteria waliokwisha kufa.

Ila hata mashine nzuri haipimi mate. Nusu ya ugomvi wangu na wagonjwa uko hapo: kikopo kinaletwa na povu jeupe jepesi. Asubuhi, kabla ya kula, sukutua kinywa kwa maji matupu. Toka nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Tunataka kitu kizito, kijiko cha chai kimoja hivi. Funga kifuniko barabara, usiweke juani, fikisha siku hiyohiyo. Yakigoma kutoka, usijaze kikopo kwa kuona haya. Mwambie mhudumu, kuna namna za kukusaidia, na picha ya kifua ipo.

Dozi ya tatu ya dukani usinunue. Amoksilini haitibu TB. Wakikubadilishia wakakupa siprofloksasini au levofloksasini ni balaa zaidi: hizo huwapunguza bakteria kwa muda, kikohozi kikalegea, na kipimo kikadanganya.

Mtoto nenda naye hata akiwa anaruka. Chini ya miaka mitano TB husambaa haraka mwilini, na chanjo ya BCG, ile iliyomwachia kovu begani, humkinga hasa na TB kali kama ya utando wa ubongo, si kila aina. Watoto wadogo hawajui kukohoa makohozi, hivyo hupimwa hata kwa choo. Wakiridhika hana ugonjwa, atapewa dawa ya kinga. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa za TB ni bure, usikubali kutozwa.

Mpangaji mwenzenu akiridhia, nenda na kadi yake ya matibabu. Kama TB yake ni sugu, dawa ya kinga ya mtoto haitakuwa ileile.