Jibu: Wageni wanaogopa kuingia kwenye saketi

Ndugu, umesema wanachama wapya wa klabu yenu ya magari wanakuja saketini (njia ya mzunguko ya mbio za magari) kutazama tu, na ukiwaambia waingie na magari yao wanasingizia tairi. Si tairi. Wanaogopa kuaibika mbele ya wakongwe, na wanaogopa kurudi nyumbani na gari bovu.

Watengeeni kundi lao peke yao, lisilochanganywa na wenye kasi. Dakika 15 kwa kila zamu zinatosha. Zaidi ya hapo mgeni huchoka bila kujijua, na hapo ndipo makosa huanza. Kupitana kuwe kwenye sehemu zilizonyooka tu, tena baada ya aliye mbele kutoa ishara. Saa ya kupima mizunguko ifichwe kabisa! Ukiitoa, umeshaanzisha mashindano.

Kabla ya yote, mkongwe mmoja mpole (si yule mwenye majigambo, kila klabu inaye) ampakie mgeni kama abiria kwa mizunguko michache, kisha wabadilishane viti.

Gari la kawaida linafaa, ila mkague breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu yakikaa, na yenye maji huchemka mapema. Kanyagio huzama ghafla. Yabadilishwe kabla ya siku ya kuingia saketini. Mzunguko wa mwisho uwe wa taratibu ili breki zipoe, na wakiegesha wasivute breki ya mkono.

Suala la bima waambie mapema: nyingi hazilipi ajali ya saketini.